Kesi ya Mama C

Section 58,
Nakuru.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa dada yangu Celestine,

Bwana Yesu asifiwe huko Marsabit. Naomba barua hii ikufikie ukiwa mzima, wewe na shemeji mwalimu Kipkemoi na mtoto wetu Sue. Ile baridi ya mlima imepungua? Ulisema ukungu ukishuka kifua cha Sue kinambana, nikapeleka jina lake kwa maombi ya Jumatano, na kina mama wananiuliza juu yake mpaka leo. Nijulishe kama amepoa. Na mkono wako, wakati wa baridi bado unauma pale kwenye mshono? Nauliza nikijua sina haki sana ya kuuliza. Utaona mbele ni kwa nini.

Sisi hapa tuko. Baba Linah mgongo unamsumbua lakini kazini anaenda. Linah anaendelea na masomo yake, anatupikia Jumamosi na chumvi anaweka kama mtu anayeogopa kurudi dukani. Mvua ya mwezi wa nane ilipiga sana, njia ya kanisani ikawa matope matupu, tukawa tunaenda kwa Mungu na viatu mkononi.

Mama mdogo, mama yako, nilimwona huko nyumbani Ndabibi wiki tatu zilizopita. Ana nguvu. Bado analima mwenyewe, na ukimwambia apumzike anasema atapumzika akifa, na hata huko ataomba jembe. Alinipa mbegu ya maharagwe nikutumie. Nitampa dereva wa basi pamoja na hii barua.

Utashangaa mbona naandika na simu iko. Nimejaribu simu mara mbili. Ya kwanza ulishika, nikakuuliza habari ya kuku. Ya pili nilikata kabla haijalia. Nikaona heri kalamu, kwa sababu kalamu haisikii mtu wa upande ule akipumua.

Nilikuambia nimerudi shule, ukacheka mpaka ukakohoa. Sikukueleza vizuri. Mwaka jana kiwandani kwetu, pale pa katoni tulipofanya kazi wote wawili, walileta mashine mbili mpya na wakasema kila mtu anayeshika mashine lazima awe na cheti. Ile miaka ishirini na miwili niliyokaa na rola haikuwa kitu, maana haikuandikwa mahali. Wakakubaliana na chuo cha ufundi, tukawa tunaenda Jumanne na Alhamisi mchana, na Jumamosi nzima. Kozi yenyewe ni ya uzalishaji wa viwandani na ufundi mitambo. Huku kila mtu anaiita tu production.

Tulikuwa wazee sita wa kiwanda na vijana ishirini waliotoka sekondari juzi. Siku ya kwanza nilivaa ovaroli mpya ya buluu nikajiona kama gunia limefungwa katikati. Kulikuwa na kijana mmoja, Kipchirchir, mrefu hivi, mdomo haumfungiki. Nilipopewa vernia, kile chuma cha kupimia unene wa kitu, nikawa nakigeuza geuza. Akaniita vile vijana wa hapa huita mama, "Mathe, hiyo si ya kupima ugali, rudisha mezani." Darasa likaanguka kwa kicheko. Nikamwambia, "Kijana, ugali wangu hupimwa na shavu. Lete lako." Tangu siku hiyo akawa ananiwekea kiti.

Dada, nisikudanganye, mwanzoni nilifurahi sana. Nilijifunza kusoma mchoro wa mashine. Nilijifunza kwa nini beringi hupata moto kabla haijalia, kitu ambacho mkono wangu ulikuwa unajua miaka yote na kichwa hakijui. Mtu amefika umri wa arobaini na tisa ndipo anaambiwa jina la kitu alichokuwa anafanya kila siku. Nilikuwa narudi nyumbani nikimweleza Baba Linah habari ya rola mpaka analala na kijiko mkononi.

Mwalimu wetu ni kijana wa huko Kuresoi, anaitwa Kiptum. Ni mpole, ana haraka ya kuandika ubaoni, na nguo yake ina chaki kila mahali. Mwezi wa kumi mwaka jana alitufundisha somo la kufuli. Alimpa kila mmoja wetu kufuli nyekundu yenye jina lake. Akasema, kabla mkono wa mtu yeyote haujaingia ndani ya mashine, huyo mtu mwenyewe anazima swichi kubwa, anaifunga na kufuli yake, na ufunguo anatia mfukoni mwake. Hapana kuachia mwenzako. Hapana kuachia fundi. Hata bosi asiuguse. Ufunguo ukiwa mfukoni mwako, hakuna mtu duniani anaweza kukuwashia mashine.

Ni hayo tu, Celestine. Kufuli kama ya mlango wa choo. Nilikaa pale nimeishika mkononi nikiitazama.

Halafu akauliza kama kuna mtu ameona ajali kwa macho yake. Wazee wenzangu wakanigeukia mimi, maana wanajua nilikuwa na wewe. Nikasimama. Nikaeleza vile ninavyoelezaga. Kwamba kwetu kelele ni nyingi, mtu wa swichi hamwoni mtu wa rola, kwa hivyo tulikuwa tunaongea kwa spana. Ukigonga chuma mara moja, zima. Ukigonga mara mbili, washa. Kwamba karatasi ilikwama kwenye mashine namba tatu, dada yangu akaingiza mkono kuitoa, na kabla hajautoa akagonga mara mbili. Na mimi nikabonyeza.

Maneno yalitoka yamenyooka kama kitu cha kukariri. Nilikuwa nimeyasema mara nyingi kwa miaka kumi na moja, kwa ndugu, kwa kanisa, kwa wafanyakazi wapya. Hayakunikwama hata mahali pamoja.

Kipchirchir akasema, "Woi, huyo mathe alikuwa anawaza lunch." Wakacheka kidogo, si kwa ubaya, ni vile vijana hucheka wakiogopa. Kiptum akawanyamazisha. Akachora namba tatu ubaoni, rola mbili na mkono katikati, na chini akaandika Kesi ya Mama C. Mimi nilikuwa nimetaja jina lako lote, yeye akaweka herufi moja kwa heshima.

Nilikaa chini wakanipigia makofi.

Basi hiyo kesi ikawa ya darasa. Mtu akisogeza kidole karibu na drili, wenzake wanapaza sauti, "Wee! Usigonge kama Mama C!" Ikawa ni mzaha, halafu ikawa ni kanuni. Siku moja mimi mwenyewe nilicheka. Nakuandikia hilo kwa sababu ukisikia kutoka kwa mtu mwingine itakuwa mbaya zaidi.

Mwezi wa kwanza Kiptum akachapisha maelezo ya kozi kwa wanafunzi wapya. Akanipa nakala kwa furaha, ati mchango wangu umeingia. Ukurasa wa kumi na nne. Imeandikwa: Mfanyakazi C alitoa ishara ya kuwasha mkono wake ukiwa bado ndani, na mwenzake N akabonyeza. Chanzo cha kwanza, uzembe wa C. Chanzo cha pili, hakukuwa na kufuli. Akasema na walimu wa vyuo vingine wameiomba, inaeleweka haraka. Kila mwaka watakuja watoto wengine waisome, na wengine baada ya hao.

Niliiweka ndani ya Biblia. Nilipika sukuma, nikaosha vyombo, nikalala vizuri. Hicho ndicho kitu ninachotaka ujue kunihusu. Nililala vizuri.

Kuna jambo lingine sijawahi kukuambia. Baada ya wewe kuacha kazi, sisi kina mama wa upande wa rola tulianza kuiwekea namba tatu mikono kila asubuhi kabla haijawashwa. Viganja kwenye chuma baridi, macho tumefunga, tunakemea roho ya ajali itoke. Mimi ndiye nilikuwa naongoza. Miaka yote hiyo haijapita asubuhi hatujaomba. Kiptum alipokuja kututembelea kazini mwezi wa tano alitukuta hivyo. Alivua kofia akangoja tuseme Amina. Halafu akanivuta kando akasema kwa sauti ya chini, "Mathe, kuomba ni sawa, hata mama yangu huomba. Lakini hiyo mashine haina pepo. Ina swichi."

Nilimwambia najua. Na nilikuwa najua, kumshinda yeye.

Celestine, sasa nisome pole pole. Hukugonga.

Siku hiyo hukugonga mara mbili, hukugonga hata mara moja. Mimi sikungoja. Ulikuwa mwepesi kuliko sisi wote, karatasi ikikwama ulikuwa unaitoa kabla mtu hajamaliza kupiga chafya, na miaka tisa tuliyofanya pamoja nilikuwa nimezoea mwendo wako. Nilikuwa nahesabu tu kichwani. Nikifika kumi na mbili najua umemaliza, nabonyeza, na spana yako inagonga saa hiyo hiyo na kidole changu. Tulikuwa tunajivunia hilo, unakumbuka? Wenzetu walisema sisi ni kama watu wa kwaya moja. Siku hiyo karatasi ilikuwa na unyevu, ilichanika vipande vipande ndani, na wewe ukawa unavitoa kimoja kimoja. Mimi nikafika kumi na mbili.

Odero, msimamizi wetu wakati ule, alikuja na kitabu kabla hata gari halijakuchukua. Aliniuliza, "Aligonga?" Nilimwangalia. Nikasema, "Ndiyo. Mara mbili." Akaandika.

Sikuwaza. Sitakuambia niliwaza watoto au kazi, maana sikuwaza chochote. Alitaka neno, mdomo ukatoa.

Siku ya tatu hospitalini ndiyo mbaya zaidi, na hiyo unaikumbuka kwa sababu ulikuwa macho. Uliniuliza, "Dada, kumbe niligonga? Mbona sikumbuki kugonga?" Hapo ungeniokoa, kama ningesema kweli. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chako nikikumenyea chungwa. Nikakuambia, "Uligonga, Celestine. Ni vile ulishtuka, mshtuko unafuta." Ukaangalia ile bandeji. Ukasema, "Basi ni mimi." Nikakupa kipande cha chungwa ukala.

Kutoka siku hiyo umekuwa ni wewe. Nimekuona. Nimekuona Ndabibi siku ya harusi ya mtoto wa mjomba, mtu alikunyooshea mtoto mchanga umshike, ukarudi nyuma ukasema, "Mpe mwingine, mkono wangu hauna akili." Kanisa lilitaka uwafundishe wasichana cherehani, na vidole ulivyobaki navyo vinatosha kabisa, ukakataa. Mwalimu Kipkemoi hutania ati Mama Sue akiwasha jiko wote watoke nje, na wewe huwa wa kwanza kucheka. Mimi huwa wa pili.

Dada, mkono wako ulikuwa na akili. Ulikuwa unafanya kazi yake. Ulikuwa unatoa karatasi mbichi kwa uangalifu, na spana niliikuta chini karibu na goti lako, kwa sababu ulijua bado hujamaliza.

Nikuambie jinsi ukweli ulivyotoka mdomoni, maana haukutoka kwa wema wangu.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Ijumaa tarehe ishirini na tisa mwezi wa nane. Asubuhi kazi ya mikono. Nilifungua rola, nikapima, nikarudisha, kila kitu sawa. Kipchirchir alikuwa dirishani akaninyooshea dole gumba. Mchana ni maswali ya mdomo. Mtahini ni mama mmoja wa makamo kutoka Nairobi, mwenye miwani, mtu wa heshima. Kiptum alikaa pembeni, haruhusiwi kusema kitu. Huyo mama akanisogezea karatasi. Ilikuwa ukurasa wa kumi na nne.

"Mama Naliaka, soma hiyo kesi, halafu uniambie C alikosea wapi."

Nikaisoma. Nilikuwa naijua.

"Hakukosea," nikasema.

"Soma tena. Usiwe na wasiwasi, pole pole."

"Nimesoma, madam. C hakugonga."

"Si imeandikwa hapo aligonga?"

"Imeandikwa. Lakini hakugonga. Huyo N aliyebonyeza ni mimi."

Kiptum akainua kichwa. Huyo mama akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Pole sana," akasema, na alikuwa anamaanisha. "Lakini mama, mimi sikuja kuchunguza ajali. Nimekuja na swali. Jibu swali vile liko kwenye karatasi, nikupe alama zako. Kuna watu kumi huko nje."

Ilikuwa rahisi, Celestine. Nilikuwa nimelijibu miaka kumi na moja bila hata kuulizwa na mtahini. Ningesema alikosea kutoa ishara kabla ya kutoa mkono, na hakufunga swichi kwa kufuli yake. Maneno yalikuwa hapo kwenye ulimi, yamepangwa.

"Siwezi kulijibu," nikasema. "Hiyo karatasi inadanganya, na aliyeidanganya ni mimi."

Alichukua kalamu. Halafu akaandika, akaigeuza fomu nione mwenyewe, kwa sababu hawaandiki kwa siri. Imeandikwa: Bado hajafikia kiwango. Akasema nirudi Novemba. Nikasema asante, kama mtu aliyepewa chai.

Nje nilisimama kwenye bomba nikinawa mikono, na haikuwa michafu. Kipchirchir akaja mbio, tayari amesikia, hawa vijana hujua kitu kabla hakijatokea. "Mathe! Si ungejibu tu! Uongo wa mtihani si dhambi." Nikamwambia aende darasani. Akasimama hapo, mikono hajui aiweke wapi. Akasema, "Nilisema anawaza lunch. Nilikuwa naongea ovyo." Nikamwambia nitakufikishia. Ndiyo hiyo nimekufikishia.

Kiptum alikuja baadaye. Akaniuliza, "Mathe, kwa nini hukuniambia mimi mapema?" Nikamjibu, "Ulikuwa umeipenda sana." Akaona haya, na mimi nikamhurumia, kwa maana kosa si lake, aliletewa chakula kibovu akapakua. Akasema ataiondoa kwenye maelezo hata kesho. Nikakataa. Nikamwambia, usiitoe, iandike vile ilivyokuwa. Mtoto akisoma kwamba mzembe ndiye hukatwa, atajiona yeye si mzembe aendelee tu. Asome kwamba ni mtu mzuri, mwangalifu, anayependwa na mwenzake, na alikatwa.

Nilipokuwa namwambia hayo sikulia. Mpaka leo sijalia. Nimejaribu kwenye ibada, mahali ambapo mtu analia bila kuulizwa, nikawa naangalia tu kitambaa cha madhabahu kimeshonwa upande. Moyo umekuwa kama mguu uliokaliwa sana. Unajua upo, unaugusa, lakini haukurudishii kitu.

Nilimwambia Baba Linah usiku ule ule. Akasema, "Nyamaza, miaka imepita, Celestine amezoea." Nilimwambia mchungaji. Akaniombea, akasema Mungu amenisamehe, nisirudi nyuma kama mke wa Lutu. Namshukuru. Lakini Mungu hakuhitaji kuambiwa na mimi, alikuwepo siku hiyo. Ambaye hakuambiwa ni wewe.

Jumatatu iliyofuata niliingia ofisini kiwandani nikataka kitabu cha Odero nikiandike upya. Msichana wa ofisi akatafuta, akapiga simu, akaniambia vitabu vya miaka hiyo vilitupwa walipohamia jengo jipya. Odero mwenyewe alistaafu, yuko kwao, hasikii vizuri. Nilimpigia hata hivyo. Nikapaza sauti mpaka majirani wakatoka, "Celestine hakugonga!" Akasema, "Nani hajaoga?" Mkewe akachukua simu, nikamweleza, akasema atamwambia akiamka vizuri. Sijui kama amemwambia.

Kwa kuwa sina cheti wamenitoa kwenye mashine. Niko upande wa kufunga, nafunga katoni za maua kwa kamba, ishirini ishirini. Ni kazi nyepesi. Ile sala ya asubuhi wanaongoza wengine. Kiptum ameniandikisha kwa Novemba na nitaenda. Hii sikuelezi unionee huruma. Nakueleza ili usifikirie nakuambia ukweli kwa sababu ukweli wenyewe umenilipa vizuri.

Alhamisi Kiptum alinipa maelezo mapya, nimeyakunja humu ndani. Ukurasa ni ule ule wa kumi na nne. Sasa imeandikwa: Mfanyakazi C hakutoa ishara yoyote. Mwenzake N alibonyeza bila kungoja, kwa mazoea, kisha akatoa taarifa ya uongo. Juu ameacha Kesi ya Mama C. Aliniuliza kama aibadilishe iwe Kesi ya Mama N. Nikamwambia hilo si langu kuamua, akuulize wewe. Nambari yako nimempa, usiogope ukiona ngeni.

Kwa hivyo yale maneno yangu yalikuwa yameandikwa mahali pawili na kukaa mahali pamoja. Kitabu cha Odero kimetupwa. Karatasi ya Kiptum imerekebishwa. Yamebaki kichwani mwako, na huko mimi siwezi kuingia na kalamu.

Usinijibu haraka. Wewe una moyo wa haraka wa kusamehe, nakujua, utachukua simu ukiwa hujamaliza ukurasa wa kwanza, useme ni sawa dada, ni mapenzi ya Mungu. Tafadhali usiseme neno hilo. Tulishalisema sana na likanifaa mimi peke yangu. Ukikasirika, kasirika mpaka mwisho, hata ikichukua mwaka. Usipotaka kuniona Krismasi, mimi nitabaki Nakuru, wewe uje kwa mama yako bila wasiwasi.

Nisalimie mwalimu Kipkemoi. Mwonyeshe hii barua, asikusomee wewe, asome mwenyewe. Nimsalimie nani mwingine? Majirani wako wa upande wa kanisa, yule mama wa maziwa, na Sue wangu, mwambie mama yake mkubwa anamwombea kifua. Baba Linah na Linah wanakusalimu. Linah tayari anajua. Aliposikia alitoka nje akakaa kwenye ngazi, akarudi akaniuliza kama nimekula.

Bwana akulinde uingiapo na utokapo, aulinde na huo mkono wako, ambao haukuwahi kukosea.

Ni mimi niliyebonyeza, na ninayekupenda,

Naliaka